Choroko Zenye Mikia

Nolasco Rwegasira hakuwa mtu wa maneno mengi, na pale Isingiro watu walimpendea hivyo. Kwenye vikao vya ukoo alikaa nyuma. Siku za kuuza kahawa aliwaacha wenzake wabishane na wanunuzi, yeye akaangalia mshale wa mzani. Ndiyo maana mpaka leo hajui ni kitu gani kilichomfungua mdomo siku ile, mbele ya meza ya ofisa, akajibu swali ambalo hakuulizwa yeye bali mke wake.

Mke wake aliitwa Sperancia. Jina hilo alipewa kanisani Bugomora na mjane mmoja asiye na mtoto, Bi Placidia, aliyemchukua akiwa na miaka minne hivi. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, watu wakivuka Mto Kagera kwa makundi kukimbia mauaji ya Rwanda. Mwanamke aliyembeba mgongoni hakuwa mama yake, alikuwa jirani tu wa kwao. Alimkalisha mtoto mlangoni kwa Placidia, akataja jina la kilima walikotoka, akaenda kutafuta maji, asirudi tena. Mtoto mwenyewe alijua kitu kimoja tu: kwamba anaitwa Tuyizere. Placidia hakumnyang'anya jina hilo. Alimwongezea la ubatizo, akamlea kwa Kinyambo na Kiswahili, akamsomesha mpaka darasa la saba. Nolasco alipokuja kuposa, yule mama alimkalisha chini akamweleza yote.

"Sitaki uje uambiwe na watu njiani," alimwambia.

Nolasco alisikiliza, akashukuru, akaoa. Placidia alifariki mwaka uliofuata. Kuanzia hapo habari ile ikabaki ya watu wawili, mume na mke, na hata wao hawakuizungumza. Kwa majirani Sperancia alikuwa mtu wa Bugomora, basi.

Mungu aliwapa mtoto mmoja, Vero. Alizaliwa kabla ya siku zake, na kula ikawa vita tangu mwanzo. Alipotimiza miaka miwili alikuwa mwepesi kama kuku, wakamlaza hospitali ya Nyakahanga wiki tatu. Muuguzi mmoja wa lishe alikuwa akiwakusanya akina mama kila asubuhi barazani, akiwafundisha namna ya kuchipusha choroko nyumbani, wampondee mtoto kwenye uji au wamchanganyie na ndizi. Wengi walisikiliza kwa adabu wakasahau. Sperancia alirudi nyumbani na mtoto mgongoni na choroko zimefungwa kwenye pindo la kanga.

Alianza na makopo ya siagi. Alipasha msumari motoni, akatoboa vitundu chini ya kila kopo, akayapanga moja juu ya jingine. Nolasco alipoona vile vitu siku ya tatu, vyeupe, vimejikunja, alicheka.

"Sasa tunakula choroko zenye mikia?"

"Wewe hutakula," alisema Sperancia. "Mwenzako atakula."

Na Vero akala. Hakuna aliyejua kwa nini, labda ule utamu wa mbali unaotokea choroko ikianza kuota, labda kule kutafuna kitu kinacholia kama karanga mbichi. Alikula, akaongeza kidogo, akaanza kuwafukuza kuku uani. Nolasco hakucheka tena. Siku moja alikwenda Kayanga kuuza ndizi, akarudi na trei halisi za kazi hiyo: nne za plastiki nyeupe zenye matundu madogo chini, zinazokaa moja juu ya nyingine bila kuyumba, na ya tano isiyo na tundu ya kupokea maji. Sperancia alizipokea kwa mikono miwili. Alizigeuza, akazipandanisha, akazitenganisha, akazipandanisha tena. Siku ile hakumwita Baba Vero. Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo si la kawaida kwa mke wa huko, naye Nolasco alilikumbuka kwa miaka.

Kazi ya trei si ngumu, ila haitaki mtu msahaulifu. Jioni unaloweka choroko, asubuhi unazitandaza tabaka moja tu, usizibananishe. Unamimina maji kwenye trei ya juu, nayo yanachuruzika trei hadi trei mpaka chini. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Unafunika kwa kitambaa cheusi, kwa sababu zikiona jua zinakuwa chungu. Siku ya pili zinatoa ncha, siku ya tatu mkia, siku ya nne unazisuuza maganda, unakula. Sperancia alianzisha trei moja kila siku, hivyo kila siku kulikuwa na trei iliyokomaa. Kwa miaka saba hakulala nje ya nyumba yake usiku hata mmoja. Alikwenda msibani na kurudi jioni. Watu walidhani ni wivu wa mume, kumbe ni choroko.

Majirani walianza kuomba, kisha kununua, kisha kujifunza. Salvina, jirani wa upande wa juu, mwanamke mchapakazi mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyekuwa na wazo la kikundi. Wanawake wanane, kila mmoja na trei zake. Masista wenye shule ya bweni walikuwa tayari kuchukua choroko za wanafunzi mara tatu kwa wiki. Lakini walitaka kikundi kilichoandikishwa, na kuandikisha kikundi kulitaka namba ya kitambulisho cha taifa ya kila mwanachama.

Salvina alileta fomu jioni moja. Saba walikwisha kujaza. Nafasi ya mwenyekiti ilikuwa tupu.

"Mwenyekiti ni wewe, Mama Vero," alisema. "Nani mwingine?"

Sperancia aliichukua fomu, akaiweka juu ya kabati, akasema ataijaza. Hakuijaza. Wakati watu walipoandikishwa vitambulisho kijijini, miaka ile, alisema anaumwa tumbo, na hakuna aliyemfuatilia. Wiki mbili zikapita. Salvina akaulizia mara ya pili, na ya tatu.

"Waandike wengine," Sperancia alimwambia mumewe. "Mimi nitaotesha nyuma ya nyumba, Salvina atapeleka. Inatosha."

"Haitoshi," alisema Nolasco. "Wewe ndiye uliyewafundisha wote. Utajificha mpaka lini? Una mume hapa, una mtoto hapa. Twende tukaandikishe, tumalize."

"Baba Vero, liache jambo hili."

Hakuliacha. Wala haikuwa shingo ngumu tu. Aliona fahari. Alitaka kuliona jina la mke wake limeandikwa juu ya karatasi yenye muhuri. Siku ya Jumatatu walivaa nguo za kanisani wakapanda bodaboda hadi wilayani.

Ofisa aliyewapokea alikuwa kijana mpole, amefunga tai. Alimwamkia Nolasco shikamoo, akawavutia viti. Aliuliza jina, umri, kijiji, yeye akiandika na Sperancia akijibu kwa sauti ndogo lakini imara. Kisha akauliza, bila hata kuinua macho, "Mahali pa kuzaliwa, mama?"

Sperancia alivuta pumzi. Katika nafasi ile ndogo, Nolasco akasema:

"Huyu alivushwa akiwa mtoto mdogo kabisa, mwanangu. Alibebwa mgongoni wakati wa vita vya Rwanda. Hajui hata kwao. Sisi ndio kwao."

Aliyasema hayo kwa moyo safi. Alidhani mtu akiisikia habari ile ataona huruma, ataona mateso aliyopitia mwanamke huyu na namna alivyoyashinda, naye ataandika haraka. Kijana aliacha kuandika. Alimtazama Nolasco, akamtazama Sperancia, akaiweka kalamu mezani taratibu.

"Mzee," alisema, "ungeniacha nimwulize mwenyewe."

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Kijana alimwita mkubwa wake, mkubwa akaita mwingine. Hakuna aliyewatukana. Waliletewa hata maji ya kunywa. Walielezwa kwamba Vero ni Mtanzania kwa baba yake, hilo halina shaka. Lakini mama yake si raia na hana hati yoyote ya kukaa nchini. Njia ya halali ipo: aende alikozaliwa, apate hati ya kusafiria ya huko, kisha arudi aombe kibali kama mke wa Mtanzania. Walimwandikia barua. Alipewa siku thelathini.

Walirudi Isingiro. Siku tatu nzima nyumba ilikuwa na maneno ya kazi tu: lete kuni, funga mbuzi, mtoto ameoga? Siku ya nne, wakimenya ndizi jikoni, Nolasco akashindwa.

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua."

"Lakini ungejibu nini?"

Sperancia alimaliza ndizi aliyokuwa nayo mkononi, akaitia kwenye maji.

"Ningejibu Bugomora," alisema. "Maisha yangu yote nimejibu Bugomora."

Aliondoka siku ya ishirini na sita ya zile thelathini, mwezi wa Juni, baada ya kuvuna trei ya mwisho na kuloweka nyingine. Vero, aliyekuwa na miaka tisa, aliambiwa kwamba mama anafuata karatasi. Salvina alikuja kumsindikiza, akashika begi lake mpaka barabarani, akalia njia nzima kwa sababu yeye ndiye aliyeleta fomu. Nolasco alifika naye mpaka Benaco, karibu na mpaka. Pale Sperancia alimshika mkono kama watu wanavyoagana kanisani.

"Asubuhi na jioni," alisema. "Usisahau ya jioni."

Wiki ya kwanza Nolasco alisahau ya jioni mara mbili. Pia alizijaza mno, akidhani choroko nyingi ndiyo mavuno mengi. Siku ya nne alipofunua kitambaa alipigwa na harufu ya uvundo. Choroko zilikuwa zimeshikana kwa ute, kahawia, zimekufa. Alizibeba akazimwaga kwenye shimo la mbolea chini ya migomba. Alisimama pale na trei tupu mkononi, akakaa chini kabisa kwenye majani makavu, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, analia kwa ajili ya choroko. Vero alimkuta hapo. Alichukua trei akaenda kuisugua kwa majivu.

Sperancia alipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Nolasco alimweleza habari za trei kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa rahisi kusema.

"Umezibana," alisema Sperancia. "Zinakosa hewa. Tandaza mpaka uone plastiki katikati. Na uioshe trei kwa maji ya moto, la sivyo uvundo unabaki kwenye matundu."

Akafuata maelekezo, nazo zikakubali. Baba na mtoto wakawa wanapeleka trei yao kwa Salvina siku za zamu, naye anapeleka shuleni. Nafasi ya mwenyekiti iliachwa wazi. Wanawake wote saba waliobaki walikubaliana iwe hivyo, mpaka arudi.

Mwezi wa Agosti simu ilikuja siku isiyo Jumapili, asubuhi.

"Umekaa, Baba Vero?"

"Nimesimama. Namwagilia."

"Kaa."

Nolasco alikaa juu ya kinu.

"Mama yangu yupo," alisema Sperancia.

Alieleza kwa vipande. Alikuwa amekwenda kwenye kile kilima alichotajiwa Placidia, kutafuta mtu wa kumthibitisha ili apewe kitambulisho. Wazee walimwuliza maswali. Mmoja akasema yupo mwanamke upande wa pili wa kilima aliyepoteza binti aitwaye Tuyizere. Mume wake na watoto wake wengine wanne waliuawa. Yeye mwenyewe alipona kwa kulala kati ya maiti. Huyo mdogo alimkabidhi kwa jirani akimbie naye, akamngoja miaka thelathini. Walimpeleka. Mama yule hakuona vizuri tena, macho yote mawili yana ukungu. Aliinama, akampandisha sketi, akapapasa goti la kushoto mpaka vidole vikalipata kovu la moto wa jikoni, pana kama kiganja cha mtoto. Sperancia alikuwa nalo siku zote. Hakuwahi kujua alilipata wapi.

"Alisema nini?" aliuliza Nolasco.

"Hakusema. Alinishika goti mpaka jioni."

Nolasco alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Alimwita Vero akamwambia, una bibi. Alikwenda kwa Salvina akamwambia. Alimwomba padre ataje jambo hilo kwenye maombi. Alidhani Mungu amelichukua kosa lake akaligeuza kuwa baraka, kwa maana kama yeye angenyamaza pale ofisini, mama yule angekufa anangoja. Aliyawaza hayo akiwa shambani, na kwa majuma mawili matatu alilala usingizi.

Lakini simu zilianza kubadilika. Alipouliza habari za hati, Sperancia alijibu kwamba zinaendelea, kisha akaanza kueleza jinsi mama yake asivyoweza kuwasha moto peke yake, alivyoungua mkono, alivyokuwa akiishi kwa kuletewa chakula na majirani. Kiswahili chake kilianza kuingiwa na maneno mengine. Mara moja alisema neno, akasita, akatafuta la Kiswahili, akalikosa kwa muda. Nolasco alingoja kwenye simu, akimsikia mke wake anavyolitafuta.

Mwezi wa Oktoba, mwishoni mwa maongezi, Sperancia akasema, "Mama hana meno ya kutafuna maharage. Choroko zilizochipua zinaiva haraka, angeziweza. Ukija kunitazama, niletee trei mbili."

"Nitaleta," alisema Nolasco.

Alikata simu akabaki ameishika. Mtu anayerudi nyumbani haombi aletewe trei.

Hakumwambia yeyote. Alishughulikia hati yake ya kusafiria kimya kimya. Ilipotoka, mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimekolea na senene wameanza kuanguka, alimwacha Vero kwa Salvina, akatenganisha zile trei. Mbili alizifunga kwenye mfuko wa sandarusi pamoja na kilo tatu za choroko na kopo la senene wa kukaanga. Mbili alizibakiza jikoni, pamoja na ile ya kupokea maji.

Alivuka mpaka wa Rusumo kabla ya saa sita. Sperancia alikuwa akimngoja upande wa pili, amevaa kitenge ambacho Nolasco hakukijua, na viatu vipya vya mvua. Walichukua pikipiki mbili mpaka chini ya kilima, wakapanda kwa miguu, yeye mbele. Nolasco aliangalia jinsi anavyopita kwenye njia ile nyembamba bila kutazama chini. Alikwisha kuizoea.

Nyumba ilikuwa ya udongo, safi, yenye bati. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani mlangoni, mdogo kuliko Nolasco alivyofikiri. Nolasco alipiga magoti. Yule mama alinyoosha mikono akaupapasa uso wake wote, paji, pua, taya, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?"

"Anasema asante kwa kunitunza," alisema Sperancia. "Anasema Mungu akulipe."

Nolasco alifungua mfuko, akatoa trei, akaziweka mikononi mwa yule mama, ambaye alizipapasa pia, kidole kwa kidole juu ya matundu, akauliza kitu, na Sperancia akamweleza kwa Kinyarwanda kirefu, chepesi, akionyesha kwa mikono namna maji yanavyoshuka, kana kwamba mama anaona. Nolasco alisimama kando. Alimwona mke wake akiwa mtoto wa mtu, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Jioni, mama alipolala, walikaa nje. Sperancia aliingia ndani akatoka na kijitabu, akampa. Kilikuwa hati ya kusafiria, mpya kabisa. Nolasco aliifungua. Picha yake, na jina: Tuyizere. Tarehe ya kutolewa ilikuwa ya mwezi wa Septemba.

"Kumbe ilitoka."

"Ilitoka."

"Hukusema."

"Ningesema ungekuja kunichukua." Alikunja mikono mapajani. "Na mimi ningekuja. Ndiyo maana sikusema."

"Tumchukue mama. Nyumba ipo. Nitajenga chumba upande wa jua."

"Nimemwomba mara tatu. Baba yangu yuko pale chini, ndugu zangu wako pale. Anasema alikaa hapa miaka thelathini ili nikirudi nimkute. Hawezi kuondoka sasa, hata na mimi. Anaogopa hata nikienda kisimani. Ananiita mpaka nirudi."

Giza lilikuwa linashuka bondeni. Nolasco alijua ni nini kilichobaki kusemwa, na kwamba ni yeye anayepaswa kukisema. Nitahamia hapa. Alikuwa ameliwaza neno hilo njia nzima, kutoka Omurushaka hadi mpakani. Alikiwaza kibanja chake, migomba aliyoachiwa na baba yake, kahawa, makaburi ya wazazi wake nyuma ya nyumba. Alimwaza Vero kwenye darasa la lugha asiyoijua. Alifungua mdomo, na mdomo ule uliokuwa mwepesi ofisini ukawa mzito.

"Naweza kukaa," alisema mwishowe. "Tukitafuta shamba."

Sperancia alimtazama kwa muda mrefu, kwa upendo, na Nolasco aliona kwamba amesikia kule kuchelewa.

"Hapana, Nolasco," alisema. "Usiache kwenu. Mimi najua kukoje kuachana na kwenu."

"Na Vero?"

Hapo ndipo Sperancia alipolia. Hakulia pale ofisini, wala Benaco. Sasa alilia ameinama, kipaji cha uso kimegusa magoti, na Nolasco aliweka mkono wake mgongoni kwake, akauacha hapo, akihisi jinsi mbavu zinavyopanda na kushuka.

"Sitakuomba unipe Vero," alisema alipoweza. "Mtoto asibebwe tena kuvushwa kwa sababu ya shida za wakubwa. Niletee shule zikifunga. Mwambie sijamwacha. Mwambie hivyo kila siku, hata akikataa kusikia."

"Nitamwambia."

"Na Salvina achukue uenyekiti. Mwambie nimesema."

Walilala chumba kimoja, kwa mara ya mwisho kama mume na mke, ingawa hawakulisema neno la kuachana wala hakuna karatasi iliyoandikwa. Alfajiri Nolasco alimsikia akiamka, akiteka maji kwenye mtungi, kisha maji yakidondoka, trei ya juu hadi ya chini. Alikuwa ameloweka choroko tangu jana alasiri. Nolasco alifumba macho akasikiliza mpaka maji yalipokwisha.

Alirudi Isingiro siku ile ile alasiri, ametota kwa mvua. Salvina alikuwa uani kwake akichambua choroko chini ya turubai. Alimwona anakuja peke yake, akatazama nyuma yake barabarani, kisha akaingia ndani bila kumwamkia, amejifunika uso kwa kanga.

Vero alikuwa amekwisha kurudi nyumbani kutoka kwa Salvina. Alikuwa amefagia, amewasha moto, amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi kama mtu mzima. Nolasco alikaa kando yake. Hakuwa ametunga maneno, na yale aliyoyapanga kwenye gari yalikuwa yamepotea. Alimwambia kwamba mama ni mzima. Kwamba bibi haoni na hana mtu mwingine. Kwamba mama atakaa naye, na Krismasi wataenda kumwona, na kila shule zikifunga.

Vero aliendelea kumenya. "Mpaka bibi apone?"

"Bibi ni mzee, mwanangu. Hatapona."

"Kwa hiyo mpaka bibi afe?"

Nolasco alisema mama hajamwacha. Akasema mara ya pili. Vero alitumbukiza ndizi ndani ya sufuria, akachukua nyingine, akaizungusha mkononi bila kuimenya.

"Bibi anaitwa nani?" aliuliza.

Nolasco alifikiri. Alivikumbuka vile vidole kwenye paji lake, harufu ya moshi kwenye nguo yake, sauti yake. Alikuwa mgeni wa yule mama mchana na usiku mzima na hakuwa ameuliza.

"Sijui," alisema. "Sikumwuliza."

Ndipo mtoto akaangusha kisu, akajitupa kifuani kwake, akalia kwa sauti mpaka mbuzi zizini wakaitikia.